Malaika Alirudi Mara ya Pili



Wapendwa vijana, leo naomba tuongee jambo ambalo kwenye vikao vyetu huwa tunalipita juu juu. Ni habari ya mwenzetu aliyejaribu kujiua, akaokolewa, akalazwa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Akiwa wodini wengi tunajua la kufanya: tunapeleka uji, tunasali, tunachangia hela ya dawa. Swali langu ni moja tu. Akisharudi nyumbani, nani anamfuata?

Ninaandika kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Na kama wewe unayesoma ndiye unayepitia hali hiyo sasa hivi, usisubiri kumaliza somo. Shuka hadi mwisho, kuna namba za simu, halafu mtafute mtu mmoja aliye karibu nawe umwambie ukweli wote.

Masomo yetu: 1 Wafalme 19:1-8 na Luka 10:30-37. Soma kwanza, kisha tuendelee.

Jumapili tuliyokwenda watu kumi na wanne

Mhusika ni binamu yangu. Simtaji jina, na mambo machache nimeyabadili kwa heshima yake. Mwenyewe amesoma andiko hili kabla yenu, akasema litoke.

Sisi ni watu wa pande za Bariadi, barabara ya kwenda Lamadi. Nyumbani wanalima pamba na mahindi, na yeye alikuwa anaendesha bodaboda ya mkopo. Mwaka ule mambo yalimkalia vibaya. Watu walitafuta sababu moja: wengine wakasema ni deni, wengine wakasema ni mchumba. Kumbe yalikuwa mengi, na chini yake kulikuwa na ugonjwa wa sonona ambao hakuna kati yetu aliyeujua hata kwa jina. Tulimwona amenyamaza, tukasema amekuwa mtu mzima.

Alilazwa siku chache. Aliporuhusiwa alipewa karatasi yenye tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki mbili. Karatasi ile mama yake aliihifadhi ndani ya Biblia, na tarehe ikapita ikiwa humo humo. Nauli ilikuwa shida, na aibu nayo ilikuwepo. Majirani walishaambiwa kwamba kijana aliumwa malaria kali.

Jumapili ya kwanza baada ya Misa tulikwenda kumwona, vijana wa VIWAWA pamoja na wanakwaya, jumla watu kumi na wanne. Tulibeba sukari kilo tano, mchele na miche ya sabuni. Tukaimba, tukasali fungu moja la Rozari, mwenzetu mmoja akatoa nasaha ndefu kwamba ajikaze, bado ana maisha mbele yake, shetani ameshindwa. Binamu yangu akasema ahsante. Tukala, tukapiga picha. Wakati wa kuondoka nikamshika mkono nikamwambia, "Tuko pamoja, kaka. Nitakupigia."

Sikupiga.

Naomba mnielewe, sikuacha kwa sababu simpendi. Kila nikishika simu najiuliza nitamwambia nini. Nikaogopa kwamba nikimpigia nitamkumbusha yale. Nikajisemea, akiwa na shida atanitafuta mwenyewe. Halafu kulikuwa na mavuno, kulikuwa na mitihani ya chuo. Wiki moja ikawa tatu.

Wiki ya nne, usiku, mama yake akanipigia. Walikuwa hospitali tena.

Mungu ni mwema, aliokolewa tena. Nilipofika asubuhi, nimesimama pembeni ya kitanda sina hata la kusema, aliniangalia akaniambia bila hasira yoyote, "Kaka, ile Jumapili mlikuja kama watu wa msibani. Mkaimba, mkala, mkaondoka. Nikajua mmeshaniaga."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu.

Sukari ya kilo tano

Aliporuhusiwa mara ya pili, mambo yalikwenda tofauti, na haikuwa kwa akili yangu. Katika Jumuiya yetu kuna mama mmoja mjane, anauza nyanya na dagaa gulioni. Baada ya sala ya Jumuiya aliniita pembeni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, ninyi vijana mlimpa sukari kilo tano siku moja. Mngempa kikombe kimoja kimoja, ingemfikisha mbali."

Mwanzoni sikumwelewa. Nilielewa nilipoona anachofanya. Kila Jumanne, akitoka gulioni, anapita pale nyumbani. Akifika anasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," hata kama ni jioni, ili kijana amcheke na kumsahihisha. Anakaa kwenye kigoda, anamwaga dagaa kwenye ungo, anamwambia, "Hebu nisaidie kuchambua." Siku nyingine wanaongea, siku nyingine wanachambua kimya kimya. Hamhubirii. Akinyanyuka anasema neno lile lile: "Jumanne nitarudi." Na Jumanne anarudi.

Mimi akanipangia Ijumaa. "Wewe una simu. Ijumaa saa mbili usiku mpigie. Asipopokea, mtumie ujumbe. Usimuulize maswali ya polisi." Katekista akachukua jukumu la kliniki: tarehe ikifika anampeleka kwa pikipiki yake na kumrudisha. Watu watatu, kila mmoja na siku yake. Haikuhitaji kamati wala harambee.

Eliya chini ya mretemu

Sasa tuingie kwenye Neno. Eliya tunamfahamu kama nabii wa moto. Sura ya 18 yupo juu ya mlima Karmeli, moto unashuka, umati mzima unaanguka kifudifudi. Ukifungua ukurasa unaofuata, mtu huyo huyo anakimbia. Malkia Yezebeli ametuma ujumbe kwamba atamuua, na Eliya ameishiwa nguvu. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anakaa chini ya mti wa mretemu, anamwomba Mungu aitwae roho yake. Anasema imetosha.

Tazama vizuri hapo. Huyu si mtu wa imani haba. Ni nabii mkubwa, amechoka, ana hofu, hajala, na amemwacha mwenzake nyuma. Kwa hiyo tukisikia kijana wa kwaya au mseminari amefika mahali pa kutotaka kuishi, tusikimbilie kusema hakuwa anasali.

Mungu anafanya nini? Hamkemei wala hamsomei orodha ya baraka alizompa. Anamtuma malaika anayemgusa, anamwambia aamke ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Eliya anakula, anakunywa, halafu analala tena.

Mstari wa 6 unaishia hapo: analala tena. Kama malaika angekuwa sisi, angerudi mbinguni kutoa taarifa kwamba mgonjwa amehudumiwa, amekula vizuri, picha zimepigwa. Lakini mstari wa 7 unasema malaika alirudi mara ya pili. Akamgusa tena, akampa chakula tena, na safari hii akamweleza sababu: safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Ni baada ya mara hiyo ya pili ndipo Eliya alipopata nguvu za kutembea siku arobaini hadi mlima Horebu.

Miaka yote nilisoma habari hii nikaona mkate tu. Sikuona kurudi.

Ukiendelea na sura hiyo utakuta jambo lingine. Mungu hamrudishi Eliya katika upweke ule ule. Anampa kazi ya kufanya, na anampa mwenza, Elisha, atembee naye.

Na Msamaria mwema je? Huwa tunahubiri mafuta, divai, na punda. Lakini kesho yake asubuhi anampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, anamwambia amtunze, na kama gharama itazidi atailipa atakaporudi. Ameshapanga kurudi. Huruma yake ina tarehe ya pili.

Hata Tomaso. Siku ya kwanza hakuwepo, na Bwana Mfufuka hakusema amekosa bahati. Baada ya siku nane alirudi, milango ikiwa imefungwa, kwa ajili ya yule mmoja aliyebaki na jeraha la mashaka.

Wataalamu waliyoyaona

Pengine utasema haya ni ya kiroho, hospitali ina mambo yake. Basi sikiliza.

Katika Marekani kulikuwa na daktari wa magonjwa ya akili, Jerome Motto, wa San Francisco. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa askari huko Ulaya, na alikuwa akipata barua kutoka kwa binti mmoja wa nyumbani kwao. Barua za kawaida tu, zisizodai kitu. Aliona jinsi zilivyomshika. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1969, alizitumia kama dawa. Aliwachukua watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au mawazo ya kujiua, ambao baada ya kuruhusiwa hawakutaka kuendelea na matibabu. Wakagawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja halikuandikiwa. Kundi la pili likatumiwa barua fupi: kwamba tunakukumbuka, tunatumaini mambo yanakwenda vizuri, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Hakuna hotuba, hakuna "mbona hujaja kliniki". Mwanzoni ilikuwa kila mwezi, kisha kwa nafasi zaidi, barua 24 kwa miaka mitano. Waliopata barua walijiua wachache zaidi, na tofauti ilionekana wazi hasa katika miaka miwili ya kwanza.

Baadaye Shirika la Afya Duniani likajaribu jambo linalofanana katika miji mitano ya nchi zenye hali kama zetu: Campinas huko Brazili, Chennai huko India, Colombo huko Sri Lanka, Karaj huko Irani na Yuncheng huko China. Walihusishwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu hivi walipata huduma ya kawaida. Wengine, kabla ya kuondoka, walikaa na mhudumu kama saa moja wakaelezwa hali yao, kisha wakafuatwa kwa simu au kwa kutembelewa mara 9 tu ndani ya miezi 18. Matokeo yalitangazwa 2008. Katika kundi la huduma ya kawaida watu 18 walikuwa wamekufa kwa kujiua. Katika kundi lililofuatwa, watu 2.

Nisiwatie chumvi: zipo tafiti nyingine za kadi na simu ambazo hazikuonyesha tofauti kubwa namna hiyo. Kumfuata mtu hakuchukui nafasi ya dawa wala ya daktari. Lakini jambo moja wataalamu wanakubaliana: wiki za kwanza na miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka hospitali ndicho kipindi cha hatari kubwa. Yaani wakati ule ule ambao sisi tunashukuru kwamba yameisha, ndipo yanapoweza kuanza upya. Binamu yangu ilikuwa wiki ya nne.

Hapa kwetu Tanzania kazi hii si ngeni kabisa. Mgonjwa wa kifua kikuu akikosa dawa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anamfuata nyumbani. Huko Moshi, watafiti wa Hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wameandaa ushauri kwa njia ya simu kwa watu wanaoishi na VVU wenye mawazo ya kujiua. Na jirani zetu wa Mwanza wamekuwa na mpango uitwao Daraja, ambapo mhudumu wa ustawi wa jamii anaonana na mgonjwa wa VVU kabla hajatoka wodini, kisha anamfuatilia hadi aizoee kliniki. Jina hilo linasema yote. Kati ya kitanda cha hospitali na maisha ya nyumbani kuna mto, na mtu dhaifu haogelei.

Sasa fikiria mkoa wetu wa Simiyu. Mtu anatoka kijijini Meatu au Itilima, akiruhusiwa anarudi kilometa nyingi kutoka kwa daktari aliyemtibu. Wauguzi wachache tulionao hawawezi kufika kila nyumba. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo ipo karibu kila mahali, na kijana mwenye simu ya kitochi yupo kila nyumba ya tatu. Sisi ndio tulio karibu. Mungu akitafuta malaika wa kurudi mara ya pili, atatukuta sisi njiani.

Tufanyeje? Ratiba ya kurudi

Haya ndiyo tunayoyafanya sasa katika kikundi chetu. Mengine tumefundishwa na muuguzi wa afya ya akili, mengine na yule mama.

Moja, omba ruhusa. Muulize mwenyewe kama angependa umpigie au umtembelee, na nani mwingine ajue. Wawe wachache. Habari zake si za kutangazwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa jina la "tumwombee mwenzetu".

Mbili, andika tarehe. Wale wa utafiti ule waliwafuata watu wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11, kisha mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Angalia walivyozisogeza tarehe za mwanzo karibu karibu. Sisi mwanzoni tunafanya kila wiki. Iandike kwenye simu kama unavyoandika siku ya mchezo wa mpira. "Nitakupigia" bila tarehe ni ile yangu ya Jumapili.

Tatu, sema kidogo. "Nimekukumbuka. Umeamkaje? Si lazima uongee, nilitaka tu kusikia sauti yako. Ijumaa nitapiga tena." Inatosha. Asipojibu, usikasirike na usiache. Binamu yangu alinyamazia ujumbe wangu sita. Mwaka uliofuata alinionyesha kwamba hakuwa ameufuta hata mmoja.

Nne, acha maneno yanayochoma. "Ungemwacha mama yako na nani?" "Mwanaume hafanyi hivyo." "Ungekwenda motoni." Anayo hayo yote kichwani tayari, anajipiga nayo kila usiku. Usimwongezee fimbo.

Tano, usiogope kuuliza. Ukiona dalili mbaya, anagawa vitu vyake, anaaga, anasema yeye ni mzigo, muulize wazi kwa upole: "Mawazo ya kujiua yamerudi?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampumzisha, kwa kuwa hatimaye kuna mtu wa kuambiwa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na usiahidi kuficha siri. Ita mtu mzima unayemwamini na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Sita, ongeeni na familia kuhusu usalama wa nyumba. Sisi ni wakulima wa pamba, na viuatilifu tunaviweka popote. Viondolewe nyumbani, vifungiwe kwa ndugu au jirani, na dawa za hospitali zishikwe na mtu mmoja. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka sana kwa miaka iliyofuata. Wazo la kufa mara nyingi huja kama wimbi na kupita. Tukiiweka hatari mbali, tunampa muda wimbi limpite.

Saba, mshikie tarehe ya kliniki. Nauli ya siku hiyo ni sadaka halisi. Kama unaweza, kaa naye kwenye benchi la kusubiri. Benchi lile ni refu sana ukiwa peke yako.

Nane, mpe nafasi ya kutoa pia. Kuchambua dagaa, kukarabati viti vya kigango, kumfundisha mtoto hesabu. Eliya alipewa kazi. Mtu anayehudumiwa tu bila kuombwa kitu anaanza kujiona mzigo.

Tisa, usibebe peke yako. Wawe watu wawili au watatu. Na ikitokea mmefanya yote na mwenzenu akafa, si wewe uliyemuua. Nawe utafute wa kukufuata.

Je, Kanisa linasemaje?

Vijana wengi mnaniuliza hili kwa siri, kwa hiyo nalisema wazi. Kanisa linafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu na sisi ni watunzaji wake, si wamiliki. Kujiua kunapingana na upendo huo. Lakini Katekisimu, namba 2282 na 2283, inafundisha pia kwamba ugonjwa wa akili, uchungu mkubwa au hofu kuu vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wa waliokufa hivyo. Mungu anazo njia azijuazo mwenyewe, na Kanisa linawaombea. Kwa hiyo aliyenusurika hana sababu ya kukaa nje ya mlango wa kanisa. Sakramenti ya Kitubio, Ekaristi, na Mpako wa Wagonjwa kwa anayeumwa sana, vipo kwa ajili yake. Mpeleke kwa padre kama unavyompeleka kwa daktari; kimoja hakifuti kingine.

Kuna jambo la sheria pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nao walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinakwenda kinyume cha katiba. Hapa kwetu hofu hiyo ndiyo inayozifanya familia ziseme "malaria kali" na kuikwepa kliniki. Lakini hakuna sheria inayokukataza kumpigia mwenzako simu siku ya Ijumaa.

Jumanne

Binamu yangu yupo. Sisemi amepona kabisa, kwani mwenyewe anasema zipo siku nzito. Anameza dawa zake, anakwenda kliniki, mwaka jana alilima dengu. Ijumaa zetu zimepungua, sasa tunaongea pale mmoja wetu anapotaka. Nilimuuliza ni kitu gani hasa kilimsaidia kipindi kile. Nilitegemea ataje mahubiri au ushauri fulani.

Akaniambia, "Nilikuwa nasema, ngoja kwanza Jumanne ipite. Nisije nikamfanya yule mama akute mlango umefungwa na dagaa wake mkononi. Ikipita, nasema ngoja nyingine."

Leo, kabla hujalala, fikiria jina moja. Mtu aliyetoka hospitali mwezi huu au uliopita, uliyemwambia "tuko pamoja" kisha ukanyamaza. Sijui ni nani. Wewe unamjua.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani niliyemtembelea mara moja tu na sikurudi? Nini kilinizuia?
2. Jumuiya yangu inaweza kuchagua watu gani watatu, na siku zipi tatu?
3. Ningekuwa mimi chini ya mretemu, ningetamani nani arudi?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyerudi siku ya nane kwa ajili ya Tomaso, utusamehe ahadi tulizoziacha njiani. Wafunike wenzetu waliotoka hospitali wakiwa bado na giza ndani. Wape usingizi usiku, chakula asubuhi, na mtu wa kubisha hodi. Utupe sisi miguu ya kurudi mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Mama Maria, uliyesimama chini ya Msalaba bila kuondoka, utuombee. Amina.

Namba za kushika: kwa watoto na vijana wadogo, piga 116 bure. Kwa maswali ya afya, 199 ya Wizara ya Afya, bure pia. Kwa dharura, 112, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kama ni wewe, piga sasa. Kama ni mwenzako, nenda naye.